Wiki Mbili na Divai ya Oupa

Jumatatu, 2 Februari 2026

Imefika! Katoni arobaini za Oupa, hakuna hata chupa moja iliyopasuka. Lori liliingia depo hapa Gikondo saa tano, na Habiyaremye, mtunza stoo wetu, aliwasimamia wapakuaji kama vile wanashusha mayai. Nilibeba katoni ya kwanza mwenyewe.

Oupa maana yake Babu. Ndiyo divai nyekundu ya juu kabisa ya Sterrekloof, na Sterrekloof si shamba la kuchezea. Huko kwao Afrika Kusini watu hujiandikisha kwanza, kisha wanangoja. Sisi walitupa mwaka mmoja wa majaribio, na mwaka unaisha. Tarehe 14 Bi Annelie, anayeitengeneza divai yenyewe, atakula chakula cha mchana nyumbani kwa Madame Lillian, bosi wetu, pamoja na Mzee Bayingana mwenye hoteli tatu. Mzee akiipenda, uwakala ni wetu. Na atakayeimimina siku hiyo mbele ya Bi Annelie ndiye atakayepelekwa Sterrekloof miezi sita kujifunza kazi.

Nataka niwe mimi. Basi, nimeshaliandika.

Jumatano, 4 Februari

Tumefungua chupa moja ya mazoezi. Karatasi ya Bi Annelie inasema utasikia harufu ya tunda fulani jeusi la Ulaya ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Mimi nilisikia tunda letu la hapa, ikinyomoro kilichoiva mpaka ganda linapasuka, ngozi ya viatu vipya, na kwa mbali makaa yaliyozimwa kwa maji. Madame aliandika haraka haraka. Cyusa, mwenzangu wa mauzo, alisema yeye anasikia divai tu. Kisha akamaliza glasi yake, na yangu pia.

Mimi nilitema. Miaka mitatu natema. Mama alinikubalia kazi hii kwa sharti moja: haipiti kooni. Najua masheikh wangesema nini hata kuhusu kuibeba, ndiyo maana sijawauliza. Nina mstari wangu mmoja, mwembamba, na sijauvuka. Nanusa, nazungusha mdomoni, natema kwenye ndoo, nasukutua kwa maji. Watu wa kazi hii dunia nzima wanatema, kwa hiyo hakuna anayeniuliza. Nadhani Madame hata hajui.

Ijumaa, 6 Februari

Barua pepe kutoka kwa Bi Annelie. Oupa ifunguliwe masaa matatu kabla ya chakula, imiminwe kwenye jagi la kioo, iachwe ipumue. Si ombi – ni sharti.

Habiyaremye alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, na nani atainywa? Akaniambia, wewe Aidah umezaliwa hapa, hata Fanta si inafunguliwa mbele ya mwenyewe? Kweli tupu. Hata harusini mhudumu anakuonyesha chupa imefungwa, unaitikia kwa kichwa, ndipo anafungua. Ikija wazi, mtu anaisukuma pembeni kwa adabu na kusema hana kiu. Ni hofu ya sumu, basi tu, ingawa hakuna anayelitamka neno. Na Mzee Bayingana amezidi! Wanasema aliwahi kurudisha chupa mbele ya wakwe kwa sababu kizibo kilikuwa kimelegea.

Madame alishika kichwa. Bi Annelie hataki kabisa ifunguliwe mezani, anasema ikinywewa papo hapo ni ngumu. Ni kweli, inakausha ulimi kama ndizi mbichi.

Ndipo mimi na mdomo wangu! Nikasema, si tufanye kama wazee na pombe ya ndizi? Kusogongera. Anayemimina anakunywa kwanza, mgeni anamwona, ndipo mgeni anapokea. Mzee hawezi kukataa kitu hicho, amekulia humo. Madame alinikumbatia mbele ya watu wote. Alisema nimeokoa mwaka mzima. Nilirudi nyumbani Biryogo najiona mrefu.

Jumapili, 8 Februari

Mazoezi nyumbani kwa Madame. Habiyaremye alikaa kwenye kiti cha Mzee, mguu juu ya mguu, amekunja sura. Nikamimina vizuri. Nikaonja. Nikageuka pembeni, nikatema kwenye ndoo.

Habiyaremye alishusha mguu.

– Umefanya nini? akauliza Habiyaremye.

– Nimeonja.

– Oya, hapana. Umetema. Sasa mimi nikunywe kitu wewe umetema? Mbele ya mzee? Hiyo iko kama kusema iko sumu ndani, kabisa!

Cyusa alijitupa kwenye kochi kwa kicheko. Madame akasema basi nimeze, funda moja dogo, shida iko wapi. Nikatikisa kichwa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, nilikitikisa tu kama mjinga. Na wazo lilikuwa langu! Kwa nini sikuliona? Nilikuwa nafikiria kuonja kwangu mimi, na wao wanafikiria kunywa. Njia nzima ya kurudi nimejitukana.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwambia Madame. Alivua miwani.

– Miaka mitatu? Hata tone?

– Hata tone, Madame.

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniambia hawezi kunilazimisha na hatanilazimisha, na alikuwa anasema ukweli, namjua. Lakini Bi Annelie atampeleka yule atakayemwona na jagi mkononi. Cyusa yuko tayari. Nimjibu kesho.

Cyusa! Anayesikia divai tu! Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Jumanne, 10 Februari

Ramadhani ni wiki ijayo na Mama ana kanzu za watu za kushona mpaka juu ya kitanda. Nilifika na mkate, nikasikia mteja ndani anamuuliza kama Aidah bado yuko kule kwenye pombe. Mama hakuinua hata kichwa, cherehani ikaendelea.

– Anauza. Hanywi. Mutoto wangu mimi namujua.

Nilisimama mlangoni na mkate wangu. Hayo maneno ameyarudia miaka mitatu, kwa majirani, kwa mashangazi, kwa wanawake wa msikitini. Hajawahi kuniuliza kama ni kweli. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikamuuliza kama anataka chai.

Saa moja jioni nimempigia Madame. Nimesema nitamimina mimi.

Mpango, ambao sijamwambia mtu: sitameza. Nitaiweka mdomoni, nitainua kidevu kidogo, nitasukuma ulimi nyuma, koo litacheza, Mzee ataona. Halafu naenda jikoni kuchukua nyama na kutema kwenye sinki. Nusu dakika, basi. Nimejaribu mbele ya kioo kwa juisi ya karkade. Mara kumi. Mara nne imeniponyoka ikateremka.

Alhamisi, 12 Februari

Mara kumi, mbili zimeponyoka. Chakula hakishuki. Karkade ndiyo inashuka!

Ijumaa, 13 Februari

Bi Annelie amekuja depo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Mrefu, viatu vya shamba, mistari ya viganja imeingia rangi ya zambarau isiyotoka. Tulionja wote. Nilipotema, alipiga makofi. Alisema kila mji anakokwenda watu wanamwonyesha jinsi wanavyojua kunywa, na ni wachache wanaojua kutema. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akauliza nimesikia nini. Nikamwambia ikinyomoro. Hakucheka. Alimtuma Cyusa akavinunue, akakata kimoja, akala amefumba macho, akasema ndiyo, ndicho hiki, akaandika kwenye daftari lake. Akaniambia lazima nikayaone mapipa, nikaisikie Oupa ikiwa bado ndani ya mbao. Mimi! Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nilichelewa sala ya Ijumaa. Nilikaa safu ya nyuma kabisa. Watu wote wanaomba kitu, mimi sikuomba. Niliogopa kusikia mwenyewe ninachokiomba.

Jumamosi, 14 Februari

Saa nne na nusu asubuhi. Jikoni kwa Madame. Nimefungua chupa tatu, ziko kwenye majagi. Kizibo cha kwanza kilikatika kidogo, nikakitoa taratibu, hakuna aliyeona. Nimevaa mtandio mweupe aliounyoosha Mama asubuhi. Aliniambia nimependeza, nimsalimie Madame.

Saa saba kasorobo. Mzee Bayingana ameingia na mkewe, Mama Mukashema. Ana fimbo lakini haiegemei. Ameshika mkono wa kila mtu, hata wa mpishi. Mbaya zaidi ni kwamba ni mtu mzuri.

Saa saba na robo. Ameliona jagi. Nimesikia kupitia mlango.

– Hii nani amefungua?

– Aidah, Mzee, akajibu Madame. Atasogongera mbele yako.

Mzee akacheka.

– Ee! Watoto wa mujini bado munajua iyo? Basi aje. Aje!

Naitwa. Naenda.

Saa saba na dakika ishirini na tano. Niko stoo ya jikoni, nimefunga mlango, nimekaa juu ya gunia la mchele. Imo mdomoni.

Siwezi kuita mtu. Siwezi hata kulia. Naandika kwa sababu daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni na mkono unahitaji kazi.

Nilimimina. Nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Nikanywa mbele yake – funda kubwa kuliko nililolifanyia mazoezi. Nikainua kidevu. Koo likacheza. Mzee alikuwa ananitazama hapa, shingoni, bila kupepesa. Kisha akapokea glasi kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili! Akanywa. Akakaa. Akasema iko nzuri sana, umri wake wote hajakunywa kitu kama hii. Madame alifumba macho kwa raha. Bi Annelie hakumtazama Mzee wala Madame, alinitazama mimi, mashavu yangu. Yule mama ameishi kwa kutazama midomo ya watu. Nadhani anajua.

Halafu Mzee akasema, haya binti, sema sasa, umesikia nini ndani? Wote wakageuka. Nikaonyesha jikoni kwa kidole kama bubu, nikatoka.

Na kwenye sinki yuko Mama Mukashema! Amekuja kumshukuru mpishi, ananawa mikono, anauliza ndizi zimepikwaje. Hatoki. Namsikia hapa hapa, nyuma ya ubao wa mlango.

Stoo hakuna ndoo. Kuna mchele, unga, vitunguu. Na mtandio. Nimeuvua, nimeukunja mara nne, nimeushika chini ya kidevu. Mweupe kabisa. Siwezi.

Nilidhani ni nusu dakika ya kumdanganya mzee mmoja. Lakini yeye amekunywa kwa sababu yangu. Ndiyo maana ya kusogongera: kama kuna ubaya humu, unipate mimi kwanza. Alipokea kutoka kwangu kwa mikono miwili, nami nimemwacha akanywa peke yake. Nikitema, nimemfanya mjinga mezani pa watu. Nikimeza, Mama amekuwa mwongo mbele ya Biryogo nzima, na hajui.

Ulimi unawaka. Imebadilika. Ikinyomoro kimekwisha, moshi umekwisha, na chini yake kumbe kuna kitu kingine, kitamu, kipole, ambacho sijawahi kukifikia hata mara moja kwa sababu huwa natema mapema. Mungu anisamehe. Ni nzuri. Ni nzuri sana!

Hatua. Si za Madame. Naisikia fimbo kwenye vigae.

– Mwana wanjye, mwanangu, uko sawa? Mbona hausemi?

Ni yeye. Mate yamejaa, mashavu yanauma, mkono wake umegusa kitasa. Nadhani kidogo kimeshateremka. Kidogo tu, chenyewe. Sina hakika. Anasubiri nijibu