Bango la binti yangu

Mwenzangu, uko hapo?

Nimetoka kikao cha wazazi shuleni. Ukutani wamebandika mabango ya wanafunzi kuhusu utapeli wa mtandaoni. La binti yangu ndilo kubwa kuliko yote. Nikalisogelea kwa furaha.

Ni meseji zangu! Zile nilizomwandikia mwanamume mmoja wa mtandaoni aliyejifanya mchungaji aliyefiwa na mke. Hata wewe sikuwahi kukuambia.

Jina amelifuta, lakini kila meseji inaishia "Bwana akufunike kwa mbawa zake." Nani mwingine anaandika hivyo?

Kiongozi wetu wa kwaya, naye ana mtoto pale, akasoma kwa sauti, "Usiku nyumba inakuwa kubwa sana." Akafika kwenye ile "Bwana akufunike," akanigeukia. "Mama, hii si salamu yako?" Wazazi wengine wakaziba midomo wakicheka.

Meseji zangu, mwenzangu!

Tulipofika nyumbani binti akaniambia, "Mama, si nilificha jina? Nilitaka wengine wasidanganywe."

Siku nilipogundua nimetapeliwa, nililia mbele yake, nikamwonyesha meseji zote. Akanifuta machozi, akasema, "Hili ni letu wawili."

Sasa anagonga mlango wa chumba changu, anauliza kama nimekula. Mungu anisamehe, nimezima taa adhani nimelala.