Vijidudu Viwili Kwenye Kidonda Kimoja

Jumatano, Maisaka

Nimekataliwa tena, eti sina uzoefu. Ningeupata wapi, wakati mashine inayotambua vijidudu kwa kupima uzito wa protini zake haipo hospitalini kwetu? Si ndiyo sababu naomba nafasi ya uzamivu?

Profesa aliyenikataa alikuwa mpole kwenye simu. "Tunamtaka mtu aliyewahi kuitumia," akasema. Nikamweleza habari za Mama Neema wa Sigino, ambaye kidonda chake cha mguu kina bakteria wa aina mbili waliochanganyika, na maabara yetu imeweza kumtambua mmoja tu. Dawa ikamuua huyo, wa aina ya pili wakaendelea kuula mguu.

"Ni mfano mzuri," akanijibu.

Mfano. Nimeudhika mpaka sasa.

Mchana nilipita wodini kumsalimia.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata ile shule?"

"Bado, mama."

"Omba tena. Mimi mguu wanaukata Ijumaa, lakini wenye vidonda kama changu bado watakuja."

Nilishindwa kumtazama. Nimerudi nyumbani nikafungua maombi ya chuo kingine, na hadi sasa nimeandika jina langu tu.