Mama ni Mzima, Usiache Masomo

Wawi,
Chake Chake, Pemba.
12 Novemba 1959

Mpendwa ndugu yangu Msellem,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kile kikohozi ulichotuandikia kimekuacha. Huku hatujambo, Mungu ashukuriwe. Vuli imeshika, na karafuu zimezaa mwaka huu mpaka nguo zetu zote zanukia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma peke yangu jikoni kwanza, kisha nikamsomea Mama, maana lililomo ni lake zaidi kuliko langu. Unasema umeshamwambia mwalimu wako kuwa utaacha uinjinia wa umeme urudi nyumbani, kwa sababu hutuamini tena. Baba alifariki, na sisi tukaendelea kukuandikia kuwa anakusalimu.

Ni kweli. Najua ilivyokuuma kupewa pole na Silima wa Shumba, yule baharia, mbele ya watu bandarini huko Ulaya, naye akidhani umeshajua siku nyingi. Wajua desturi ya kwetu: aliye safarini haambiwi msiba, asije akaelemewa peke yake ugenini. Shangazi Bi Time ndiye aliyesema tungoje umalize mtihani, na sote tukaitikia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Utuwie radhi, ndugu yangu.

Sasa unauliza: tukikwambia Mama hajambo, utajuaje? Ningekuwa wewe, nami ningeuliza.

Basi sikiliza hali yake. Yumo ndani ya eda, hatoki, na mavuno ndiyo haya. Wanawake wa mtaani wakaona asikae na mawazo, wakamletea kazi nyumbani. Kila jioni wanamwaga karafuu mbichi ukumbini, wanakaa naye kuzichambua makonyo, vile vijiti vyake, na yeye ndiye mwepesi kuliko wote. Jana kamgombeza Bi Time kwa kuacha vikonyo kwenye fungu lake. Mtu anayeweza kumgombeza Bi Time si mgonjwa, hilo unalijua.

Mawe ya redio yakiisha moto anayaanika juani kando ya jamvi la karafuu, kama ulivyomfundisha, yapate nguvu kidogo. Jirani mmoja alimcheka. Mama akamjibu, "Mwanangu ndivyo alivyonambia, naye yuasoma mambo hayo Ulaya. Weye wasoma wapi?"

Nawe wakumbuka Baba alivyogombana na ndugu zake waliotaka uwe karani. Alisema makarani wapo tele, wa kutuletea taa ndiye hayupo. Alipozidiwa aliniuliza umebakisha muda gani. Nilimwambia mwaka mmoja. Akatabasamu, akasema basi umekaribia. Hakusema uitwe. Nakwambia hili kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, ingawa najua utalia ukilisoma, kama ninavyolia mimi nikiliandika.

Ukirudi sasa, Baba hutamkuta, na Mama hataweza hata kutoka edani kuja kukupokea bandarini Wesha. Nami injinia wa nusu simruhusu kugusa tochi yangu.

Nilimwambia Mama swali lako kama lilivyo. Akaomba kalamu. Herufi zetu za skuli hazijui, lakini chuoni, kwenye Kurani, alifundishwa kuandika kwa herufi za Kiarabu, na mkono wake unaujua, ndio ulioandika jina lako kwenye juzuu yako. Mistari ya chini ni yake. Sikumwambia aandike nini, wala sikuisahihisha.

Shemeji yako Mjaka anakusalimu sana. Bi Time anakuomba msamaha, naye hajapata kumwomba mtu. Mungu akuhifadhi huko ugenini, akufungulie yaliyo vitabuni na yaliyokufunga moyoni.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kazija

Mwanangu Msellem. Ni miye mamaako. Babaako kafa kweli, na miye ni hai kweli. Lile nlikuficha kwa kukuonea huruma. Sitokuficha tena, hata langu mwenyewe. Nikiugua ntakwandikia naugua. Usirudi kuja kunitazama, rudi umalizapo. Radhi yangu ya kusoma unayo, ya kuacha sikupi. Hamu nawe n'nayo kutwa, na hilo nalo ni kweli.