Mashine Moja, Mimi na Mdogo Wangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Sisi huku wazima, ila mimi roho inaniuma, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Unajua hapa hospitalini mimi ndiye mlezi wa hifadhidata, yaani mahali kompyuta inapotunza habari za wagonjwa wote. Tangu mdogo wangu Chiriku aajiriwe kusimamia programu ya picha za eksirei, tumewekwa kwenye seva moja, ile kompyuta kubwa inayohudumia nyingine zote, na kumbukumbu yake, yaani nafasi ya kufanyia kazi, tunagawana. Hifadhidata ni lafi: usipoiwekea kikomo, hujitwalia kumbukumbu yote na hairudishi. Chiriku aliniomba kwa upole niiwekee. Nikamjibu kuwa mgeni hampangii mwenyeji pa kulala.

Jumatatu picha zikawa nyingi, mashine ikaelemewa. Foleni ya mapokezi ikatoka nje ya mlango. Muuguzi akaja mbio, akasema daktari ana mtoto aliyebanwa kifua na hawezi kuona ni dawa zipi zinamdhuru. Mimi nikaganda, vidole juu ya kibodi. Chiriku hakunisuta. Alizima kwanza programu yake mwenyewe. Habari za mtoto zikafunguka, akatibiwa, akapumua. Ndipo akavuta kiti kando yangu, akasema, "Dada, sasa tuigawie kiasi gani?" Tukaipa hifadhidata fungu kubwa, programu yake fungu dogo, tukabakiza akiba kwa ajili ya mashine yenyewe. Tangu hapo hakuna aliyelalamika.

Mkurugenzi alimshukuru mbele ya watu. Nilipiga makofi, Mama, lakini viganja viliniwasha kama nimeshika upupu. Siku hizi watu wakifungua mlango wa ofisi yetu, mimi huulizwa yeye yuko wapi.

Juzi katibu muhtasi akaninong'oneza kuwa Chiriku alipewa ukuu wa kitengo, akaukataa. Alisema hawezi kumwamrisha dada yake; kama ni cheo, nipewe mimi. Ungedhani nilifurahi. Nilijifungia chooni, nikalia kwa hasira.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkurugenzi, nikamwambia cheo ni cha Chiriku, nami nitafanya kazi chini yake. Akanisifu kuwa nina moyo mkubwa. Nakwambia wewe peke yako, Mama: haukuwa moyo mkubwa. Kwa kazi amenishinda, sikuweza kuvumilia anishinde kwa wema pia.

Chiriku atakupigia simu akishatangaziwa cheo. Shangaa kama hujui kitu, umpongeze, maana ni haki yake. Ila ukimaliza naye, nipigie na mimi, unisifu kidogo, hata kama hujui unanisifia nini.

Nisalimie Baba, na shangazi mwambie nimemkumbuka. Ubaki na afya njema.

Ni mimi,
Binti yako mkubwa