Kava ya Kufunika

Jumamosi, baada ya Sabato

Yule mama muuza kava za simu pale Mosocho alinichosha jana. “Chukua hii ya raba, simu ikianguka haivunjiki. Hiyo ya kufunika itakuchelewesha kupokea.” Kupokea nani? Nilichukua ya kufunika, maana nimechoka kutazama kioo kilichonyamaza.

Leo kutwa simu ilikuwa imezimwa kwa ajili ya Sabato, nami nikatulia. Simu ikiwa imezimwa, huwezi kumlaumu mtu kwa kutopiga.

Jua lilipotua nikaiwasha, nikaifunika upesi, nikabandika chai. Binti yangu Kemunto yuko Nairobi, lakini Sabato ni ileile. Anajua huu ndio wakati ninaowasha.

Chai imepoa. Simu iko mezani mbele yangu, na kava nimeiacha wazi.