Plastiki ya Fenda

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua duka, nimefagia, nimepanga plagi na bearingi mbele ambako wateja wanaziona. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka hapa Tunduma imefika Mpemba. Tope kila mahali. Mvua haijakata tangu Jumamosi.

Simu inawaka moto toka asubuhi. Kundi letu la Turbo Songwe limechafuka. Picha za toleo jipya zimetoka: sedani ileile ya turbo, tairi zote nne zinavuta, jina lilelile. Lakini wameiharibu jamani! Fenda zote wamezizungushia plastiki nyeusi. Gia za klachi hakuna. Katikati wamebandika skrini kubwa kuliko televisheni ya mama. Simwinga, mwenyekiti wetu, kasema ni bwana harusi aliyevaa suti na gambuti. Nimecheka mpaka mteja kanishangaa. Mimi nikaandika kwamba anayeitaka aje dukani nimuuzie beseni, akagongelee mwenyewe. Wamenishangilia. Sisi wenye ile ya zamani hatuna huruma, na hatutaki kuwa nayo.

Jumanne, 11 Machi

Josia kapiga toka Dar. Mdogo wangu huyu ni dereva wa magari ya IT, yale yanayoshuka bandarini na kupita hapa kwenda Zambia na Kongo. Kampuni bado inampima. Safari hii ikienda salama wanampa mkataba. Alikaa bila kazi mpaka wifi yangu Neema akachoka, akarudi kwao Mbozi Mission na mimba yake. Baba mkwe kasema wazi: mkataba kwanza, ndipo mke. Kwa hiyo Josia hana kingine anachowaza.

Na kapewa alete nini? Chuma chenyewe! Toleo jipya kabisa, la Mzambia mmoja wa Kitwe, atalipokea hapa mpakani Jumatatu. Nilijaribu kunyamaza. Nikashindwa. Nimetangaza kundini.

Jumatano, 12 Machi

Wale waliosema hawaitaki hata bure, leo wote wanaitaka. Waione, waiguse, wasikie mlio. Simwinga kanipigia mwenyewe, ananiita mheshimiwa.

Nimempata Josia kwa simu, yuko Makambako. Kakataa. Haruhusiwi kuacha barabara kuu wala kukusanya watu, na gari ina GPS, ofisini wanaona kila kona. Nikambembeleza. Nikamkumbusha nani alimfundisha kuendesha. Mwisho kasema haya dada, Vwawa, pembeni ya lami, muda mfupi tu, na mtu asipige picha.

Nimefurahi mno. Nimeosha gari yangu kwenye mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Niandike tu. Watu walijaa Vwawa. Wa Tunduma, wa Mlowo, mmoja katoka Ibaba huko Ileje kwa pikipiki, kalowa chapachapa. Gari ya kijivu, safi. Wakaizunguka wakibonyeza ile plastiki kwa vidole, wakisema ukiiona kwa macho ni mbaya zaidi. Simu zote juu, wanapiga picha. Josia anaomba, hakuna anayemsikia.

Simwinga akasema gari bila klachi haipandi kitu. Ipelekwe njia ya Hasamba, pale ambapo hata pikapu zinagoma mvua ikinyesha. Josia akasema hapana. Wakamcheka: huyo ni wa IT, kazi yake kusukuma tu, gari haijui. Nikaona anaumia. Na mimi, dada mtu, nikamwambia panda kidogo Josia, wanyamaze.

Akapanda. Na ikapanda! Tope lile, kilima kile, haikuteleza hata kidogo. Watu wakapiga kelele, na mimi nikapiga kelele.

Wakati wa kushuka akakutana na trekta ya mahindi. Akaipisha. Gari ikaserereka mtaroni, ubavu wa nyuma ukakwaruza jiwe. Bati halijaguswa. Plastiki ya fenda imeng'oka na kupasuka vipande viwili.

Halafu mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Sasa ndiyo imependeza!" Wakacheka.

Josia alishuka, akaokota vipande, akavifuta tope kwa shati lake. Hakunitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Mimi nauza spea. Naweza kumpatia mtu taa ya gari ambayo kiwanda chake kimeshaisahau. Hii sipati.

Nimevuka mpaka kwenda Nakonde asubuhi, duka kwa duka. "Tapali, ba mayo." Hakuna, mama. Kila mlango tapali. Mbeya wamecheka kwenye simu. Dar wameniambia gari lenyewe ndiyo kwanza linaingia, spea zake zitoke wapi? Niagize nje, nisubiri. Nisubiri nini, na mwenye gari anakuja Jumatatu?

Naililia ileile plastiki niliyoiita beseni.

Nikaomba msaada kundini. Nikaeleza kila kitu, mkataba, Neema, mimba. Nikatuma sauti, nikalia humohumo. Wakajibu kwa katuni. Kisha wakabishana kama zilizobaki tatu nazo zing'olewe ili zilingane. Simwinga akaanzisha kura: plastiki itoke au ibaki. Watu wakapiga kura! Nawachukia wote. Najichukia zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempata fundi wa mtaa wa Sogea anayeshona bampa kwa waya na pasi ya moto. Kashona taratibu, kapiga rangi nyeusi, karudisha mahali pake. Ukiwa mbali huoni kitu. Ukisogea unaona mshono, kovu kabisa.

Josia hali chakula. Kakaa yadi karibu na gari kama anamlinda mgonjwa. Nimempelekea wali na maharage, nimeukuta umepoa vilevile. Neema anampigia, hapokei. Akanipigia mimi. Nimemwambia mtandao wa mpakani unasumbua. Akasema sawa wifi, mwambie mtoto anacheza sana. Nikakata simu, nikakaa chini ya kaunta nikalia.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani niliombea plastiki. Mchungaji anahubiri habari nyingine kabisa, mimi nambana Mungu kuhusu fenda. Aibu, lakini nimeomba.

Kutoka tu, simu. Kuna mtu wa kundi katoa video nje, dunia nzima inaiangalia. Namba za IT zinaonekana. Kilima cha Hasamba kinaonekana. Kelele zangu zinasikika vizuri kuliko za wote. Bosi wa Josia kaiona, kafungua kumbukumbu za GPS za Alhamisi, kampigia. Josia alikuwa anaitikia tu ndiyo bosi, ndiyo bosi.

Nikampigia Simwinga amwambie aliyeitoa aifute. Nimemwambia nampigia magoti. Akasema dada tulia, inatazamwa sana, jina la kundi linakua. Nilimtukana kwa Kinyiha, matusi ambayo sijayatamka tangu utoto. Haikusaidia chochote.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenye gari kaja. Mzee mpole, koti la kijivu, kaongea Kiswahili cha Nakonde. Nilikwenda na Josia. Kabla mtu hajafungua mdomo nikasema ni mimi, si yeye, mimi ndiye niliyemtuma. Mzee akainama, akapapasa mshono kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema gari ni ya kutembea, ingechubuka tu hata kwake. Hana kesi. Nilitaka kumshika miguu.

Lakini msimamizi wa kampuni alikuwa amesimama palepale. Akamwambia Josia alete funguo na kizibao cha kazi. Mzee akapiga simu Dar mwenyewe, kamwombea kwa bosi, kaombea sana. Hawakutaka. Walisema leo kaacha njia kwa ajili ya marafiki, kesho ataacha kwa ajili ya wezi.

Josia akamshukuru mzee, akamshukuru msimamizi. Tukarudi kwa miguu. Nilitamani anitukane.

Jumatano, 19 Machi

Nimejitoa kundini. Nasikia wanabishana kama nina hasira au nimebadilisha simu.

Neema haji. Baba yake kasema ajifungulie hukohuko, mengine yataonekana baadaye. Josia kaniambia habari hiyo akiwa anafunga kamba za viatu. Alirudia kuzifunga mara nyingi.

Nashindwa kula. Nashindwa hata kumwangalia.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imekata. Josia anaondoka kesho kwenda Kamsamba, bondeni Momba, kuna mfugaji mwenye mashamba ya mpunga anataka dereva wa trekta. Nimemfulia, nimemkunjia nguo. Tukakaa kibarazani na chai.

Samahani nimeshasema mpaka imechuja. Nikamuuliza tu, hivi ile gari ilikuwaje?

Akanitazama. Akasema tangu Dar mpaka leo, hakuna mtu aliyemuuliza.

Halafu akaongea. Mlima Kitonga gari ilipanda bila kulalamika, malori yamejipanga, yeye anapita taratibu tu. Mafinga mvua ilikuwa kubwa, barabara imejaa maji, nayo ikashika njia mpaka akazima redio ili aisikilize. Alikuwa peke yake, akajikuta anatabasamu. Mikono yake ilikuwa inazungusha usukani hewani, hajui kama anafanya hivyo. Ni mara ya kwanza kumwona hivyo tangu Neema aondoke.

"Na ile plastiki?" nikauliza.

"Ukiwa ndani huioni, dada."

Akamaliza chai. Akaosha vikombe vyote viwili, akaingia ndani kufunga begi.