Mafunzo ya Britta Zizini Kwangu

Kwa dada yangu LuAnn,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Sisi huku tunavumilia joto la Agosti. Anayekuletea ni jirani yangu Arlo. Mpe kahawa, ila usimwamini akisema mahindi yake yameyapita yangu kwa urefu. Yangu mwaka huu ndege za abiria zinayazunguka.

Sasa nikupe habari za mwanao. Chuo cha kilimo kilipomleta Britta kwangu kufanya mafunzo kwa vitendo, nilimwambia ana bahati, maana mimi niliyeishia darasa la nane nimewahi kumkamua ng'ombe mmoja mpaka tangi likaomba msamaha. Akaniuliza kama tangi liliomba kwa Kinorwe cha babu zetu au kwa Kiingereza. Mdomo ule kaurithi kwako. Siku hiyohiyo akanikataza kufuta chuchu za zizi zima kwa kitambaa kimoja. Kila ng'ombe na chake, Mjomba. Nikanuna, nikafuata.

Mwezi wa Julai nikaanguka katikati ya ng'ombe. Arlo anatangaza kwamba nilizimia kama bibi harusi. Uongo, nilikaa chini kwa haraka. Daktari akasema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi, nikamjibu kwamba hilo wilaya nzima inalijua. Hakucheka. Alisema nisinyanyue tena hata ndoo.

Tangu hapo Britta amekuwa akikamua peke yake, alfajiri na jioni. Halafu wiki iliyopita, tukila supu, akasema harudi chuoni. Mwaka mmoja tu umebaki, dada! Nikamwambia aache upuuzi, nitaajiri mtu. Akauliza ni mtu gani atakayevumilia hadithi zangu. Kisha akaacha utani, akasema maadamu wale ng'ombe wapo, yeye haondoki. Unamjua, ni mbishi kama marehemu baba.

Nikamwongezea supu.

Juzi alikwenda chuoni, maana wanafunzi wote waliokuwa mafunzoni husimama mbele ya walimu kueleza walichojifunza. Alipoondoka tu, nikamwita dalali. Jana majirani walijaa, wake zao wakauza pai mlangoni kama desturi yetu siku ya mnada, na ng'ombe wote wameuzwa. Nilisimama kando ya dalali nikimsifia kila mmoja, nikatia chumvi hata kwa wale wasioihitaji. Lori la mwisho lilipoondoka niliiwasha mashine ya kukamulia, nisikie kelele yake tu.

Britta hajui. Anarudi Jumapili. Kwa simu nisingeweza, sauti ingenisaliti. Nakuomba ufike kabla yake, maana mimi niliyewahi kumsimamisha fahali kwa paji la uso siwezi kusimama peke yangu atakapofungua lile zizi.

Usimwambie nimefanya hivi kwa ajili yake. Mwambie nilichoka. Akitaka kunichukia, anichukie akiwa darasani.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, hata yule paka mwizi.

Ni mimi kaka yako,
Duane